Kabla ya Kuhama Mfumo wa Simu: Hesabu za Arua na Koboko

Mteja anayeingia duka la simu mjini Arua kwa kawaida ana maswali matatu: inaingia laini ngapi, chaji inakaa muda gani, na WhatsApp imo? Mfumo endeshi hauulizwi. Lakini jibu la swali la tatu limo humohumo ndani ya mfumo, na tarehe 1 Januari 2025 lilijitokeza bila kuulizwa. Siku hiyo WhatsApp ilizikataa simu zote zenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Samsung Galaxy S3, iliyokuwa simu ya kutolewa mfukoni kwa maringo mwaka 2012, ikabaki ya kupiga na kupokea tu. Katikati ya mwaka huohuo ikawa zamu ya iPhone 5s, 6 na 6 Plus, kwa kuwa hazina uwezo wa kufikia iOS 15.1 inayotakiwa.

Simu hizo hazikuharibika. Kioo kizima, spika inalia, betri bado inajikongoja. Kilichoishiwa muda ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayosimamia kioo, kamera, laini na betri, na inayoamua programu nyingine zipi zipate nafasi ya kukaa. Watu wengi wa West Nile, eneo la kaskazini magharibi mwa Uganda lenye miji ya Arua na Koboko, hukutana na suala la kuhama mfumo kwa njia hii, kwa kusukumwa nje ya ule wa zamani.

Koboko inaeleza vizuri kwa nini msukumo huo unauma. Mji huo, ulio kilomita 55 hivi kaskazini ya Arua, uko karibu na mahali ambapo Uganda, Sudan Kusini na Kongo zinakutana. Wakakwa, wenyeji wa hapo, wanaishi pande zote tatu za mpaka. Mtu anaweza kuwa na shangazi Yei huko Sudan Kusini, mjomba upande wa Kongo na duka Koboko mjini, na wafanyabiashara huvuka kwenda soko la Ariwara, Kongo, na kurudi na bidhaa. Kupiga simu ya kawaida kutoka nchi moja hadi nyingine hula salio haraka, kwa hiyo mazungumzo ya familia na ya biashara yamehamia kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kwa wakimbizi wa makazi ya Lobule, Rhino Camp na Imvepi, ujumbe huo ndio habari za ndugu waliobaki nyuma. Simu ikikataliwa na WhatsApp hapa, mwenye nayo amekatiwa ukoo.

Kwanza ni vema kujua nani anahama na nani anadhani anahama. Simu za Tecno huja na kitu kiitwacho HiOS, za Infinix zina XOS, za Samsung zina One UI. Majina ni mengi, alama ni tofauti, hata mahali pa kubonyeza panatofautiana, lakini chini yake kote ni Android ya Google. Aliyetoka Tecno kwenda Samsung amebadilisha nguo tu; namba za simu, picha na programu alizozizoea atazikuta. Kuhama hasa ni kutoka Android kwenda iOS ya Apple, au kwenda kwenye mfumo mwingine wa pembeni. Na mifumo ya pembeni ina historia ya kusikitisha.

Wapo wanaokumbuka Nokia za Symbian, BlackBerry na Lumia zenye Windows. WhatsApp ilijiondoa kwenye Symbian mwaka 2017 na kwenye Windows mwishoni mwa 2019. BlackBerry yenyewe ilizima huduma za mifumo yake ya zamani tarehe 4 Januari 2022. Mwaka 2013 shirika la Mozilla lilileta Firefox OS, mfumo mwepesi kwa ajili ya simu za bei ya chini, na kampuni ya mitandao ya Orange ikauza Afrika simu ya Klif iliyoutumia. Kabla ya mwaka 2016 kwisha, Mozilla ilikuwa imeuweka kando.

Mabaki ya Firefox OS yakazaa KaiOS, na kisa cha KaiOS kinafaa kusimuliwa kwa utulivu kwa sababu kilimlenga mtu wa Koboko hasa. Wazo lilikuwa zuri: simu ya batani, yenye tochi, inayokaa na chaji siku kadhaa, lakini ndani yake mna intaneti na WhatsApp. Google iliwekeza dola milioni 22 mwaka 2018. MTN ilitangaza simu zake za KaiOS kwa masoko ya Afrika, na mwaka 2019 Orange, ambayo ina mtandao Kongo, ikazindua Sanza kwa dola 20 hivi. WhatsApp ikaingia kwenye KaiOS nje ya India mwaka huohuo. Kwa mama muuza mihogo asiyetaka kioo cha kupasuka, ilionekana kama jibu limepatikana.

Halikudumu. Juni 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la programu la KaiOS, na mapema 2025 hata waliokuwa nayo tayari wakakatiwa. Mtu aliyenunua simu hiyo mpya, ikiwa ndani ya boksi, mwaka 2023, alipata WhatsApp ya miaka miwili au pungufu. Ukigawanya bei kwa miezi ya matumizi, ile simu rahisi haikuwa rahisi. Kosa halikuwa la mnunuzi wala la muuzaji wa Arua. Mfumo wenye watumiaji wachache hutegemea hisani ya kampuni kubwa, na hisani hiyo haiandikwi kwenye risiti.

Huawei ni habari nyingine ya aina hiyo, ingawa fupi. Tangu Marekani iiwekee vikwazo Mei 2019, simu zake mpya hazina huduma za Google. WhatsApp huingia, ila nakala za mazungumzo kwenye akaunti ya Google hazikai kama kawaida, na programu nyingi lazima zitafutwe kwa njia za kuzunguka. Mfumo wake wa HarmonyOS umestawi China. Mtu wa Arua akiuziwa Huawei ya karibuni kwa bei ya kuvutia, aulize kwanza kama ina Play Store.

Kuna jambo moja ambalo halihami na mfumo, nalo huwapa watu hofu bure: pesa. MoMo ya MTN, iliyoanza Uganda mwaka 2009, na Airtel Money zimefungwa kwenye laini. Anayepiga *165# au *185# anazungumza na mtandao moja kwa moja bila intaneti, na simu ya tochi hufanya kazi hiyo sawa na iPhone. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi hutembea na mbili, ndogo ya pesa na kubwa ya WhatsApp. Ni mpangilio wa busara, maana simu kubwa ikiibwa sokoni, pesa imebaki mfuko wa pili.

Je, anayetamani iPhone? Tamaa hiyo si ujinga. Apple hutoa masasisho kwa miaka mingi kuliko kampuni nyingi za simu za bei nafuu, na hata iPhone ya mtumba huwa na kamera nzuri. Lakini hesabu ya West Nile ina vipengele vyake. Kabla ya iPhone XS ya mwaka 2018, simu za Apple zilichukua laini moja tu. Zilizofuata nyingi zina nafasi ya laini moja ya plastiki na nyingine ya kielektroniki. Kwa mtu wa Oraba, mpakani, mwenye laini ya MTN, ya Airtel na ya ng'ambo ya mpaka, huo ni usumbufu wa kila siku. Chaja ilikuwa ya aina yake mpaka iPhone 15 ya mwaka 2023 ilipoanza kutumia tundu la USB-C. Vipuri halisi ni ghali, na tangu iPhone 11 simu yenyewe humwonyesha mwenye nayo onyo ikiwa kioo kilichowekwa si cha Apple. Kioo cha Tecno au itel kinapatikana, na fundi wa kukibadilisha amekaa barabarani na lenzi yake ya kukuzia. Fundi huyo ni sehemu ya mfumo endeshi, hata kama hakuna kampuni inayomtaja.

Umeme nao una kura yake. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wenye megawati 3.5. Gridi ya taifa ilifika mwaka 2024. Mazoea ya kukatikiwa yalizaa mapenzi ya betri kubwa, na simu za bei ya kati za Android zenye mAh 5000 zimeyajibu mapenzi hayo vizuri kuliko iPhone ndogo za mtumba zenye betri iliyochoka.

Kwa wengi, hata hivyo, swali halisi ni dogo zaidi: simu ileile imeleta ujumbe kwamba toleo jipya la mfumo liko tayari, je, akubali? Toleo kamili linaweza kufika gigabaiti moja, mbili au zaidi. Uganda ilifuta kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku mwaka 2021, ikaweka badala yake kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti, kwa hiyo kila gigabaiti ya sasisho ina ushuru wake. Njia kuu za intaneti zimeboreka. Mwaka 2017 Facebook, Airtel na kampuni ya BCS zilitangaza kutandaza kilomita 770 za nyaya za faiba kaskazini magharibi mwa Uganda. Ila faiba ya barabarani haimfikishii mtu bando mfukoni. Anayeweza kupata Wi-Fi ya ofisi au ya hoteli asubiri huko, simu ikiwa na chaji ya zaidi ya nusu.

Kuna masasisho ya aina mbili, na kuyachanganya kunagharimu. Yale madogo ya usalama huziba mianya na mara nyingi hayabadilishi kasi ya simu, hayo yakubaliwe. Yale makubwa, ya kutoka toleo moja la Android kwenda jingine, yafikiriwe. Simu yenye RAM ya GB 1 au 2 iliyobeba toleo jipya zito inaweza kuanza kuganda kila WhatsApp inapofunguliwa, na kurudi nyuma ni kazi ya fundi, mara nyingi kwa kufuta kila kitu. Google ilitengeneza Android Go mwishoni mwa 2017 kwa ajili ya simu dhaifu, lakini kufikia toleo la 13, mwaka 2022, hata hiyo Go ilidai RAM isiyopungua GB 2. Simu ya GB 1 inayouzwa leo ikiwa mpya imezaliwa mzee.

Ndiyo maana ni afadhali kuuliza dukani swali la nne: simu hii inaendesha Android ya ngapi, na itapewa masasisho mpaka lini? Samsung iliahidi miaka 6 kwa Galaxy A16 iliyotoka mwishoni mwa 2024. Simu nyingi za bei ya chini hupata muda mfupi sana, na baadhi hazipati toleo jipya hata moja. Simu iliyozidi bei kidogo ikadumu miaka mitano ni nafuu kuliko mbili za miaka miwili miwili, kwa anayeweza kuikusanya hiyo pesa ya mwanzo. Wengi hawawezi kwa mkupuo, na hapo ushauri wa magazeti hugonga ukuta.

Aliyeamua kuhama aanze na laini. WhatsApp humtambua mtu kwa namba, na hutuma msimbo kwenye namba hiyo kabla ya kufunguka kwenye simu mpya. Mkimbizi aliyejiandikisha kwa namba ya Sudan Kusini iliyokwisha kufungwa atabaki nje, na mazungumzo ya miaka yatabaki ndani. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliruhusu wakimbizi kusajili laini kwa kutumia kitambulisho chao cha ukimbizi, kwa hiyo inawezekana kubadilisha namba ndani ya WhatsApp mapema, wakati simu ya zamani ingali inafanya kazi.

Kuhamisha mazungumzo kutoka Android hadi Android kumekuwa rahisi tangu 2023: simu mbili zikiwa karibu, moja husoma alama ya QR ya nyingine, na kila kitu hupita kati yake bila kupakiwa mtandaoni. Kutoka Android kwenda iPhone kunawezekana tangu 2022, lakini iPhone lazima iwe mpya au imefutwa kabisa, jambo ambalo aliyekwisha kuitumia wiki nzima hulijua akiwa amechelewa.

Na kwa simu ya mtumba, iwe imetoka Kampala kwa basi au imevuka kutoka ng'ambo, hakuna pesa inayopaswa kutoka mkononi kabla muuzaji hajaondoa akaunti yake mbele ya mnunuzi. Android tangu 2015 na iPhone tangu 2013 zina kufuli linaloendelea kudai akaunti ya mwenye zamani hata baada ya simu kufutwa. Muuzaji akisema nywila ameisahau na ataituma jioni, mnunuzi naye aahidi kuleta pesa jioni.