Goti la Neymar na Goti Lako: Ligamenti Iliyokatika Inaungwaje?

Sisi tulioko Riyadh na Jeddah tunajuana: joto likipungua usiku, vitabu vinafungwa, timu zinapangwa. Na hakosekani mtu anayegeuka ghafla na mpira, anasikia "pa!" ndani ya goti, kesho yake goti limevimba kama papai.

Tarehe 17 Oktoba 2023 jambo hilo lilimkuta Neymar, aliyekuwa amesajiliwa na Al Hilal ya Riyadh miezi miwili tu kabla. Akiichezea Brazil dhidi ya Uruguay mjini Montevideo, alikata ligamenti msalaba ya mbele ya goti la kushoto, ile inayoitwa ACL kwenye kurasa za michezo. Alipasuliwa Novemba, akarudi uwanjani tarehe 21 Oktoba 2024. Mwaka mzima! Kwa pesa zote zile, kwa nini muda mrefu hivyo?

Kamba ndani ya goti

Kano hufunga msuli kwenye mfupa. Ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa. ACL ina urefu wa kama sentimita 3. Inatoka nyuma ya ncha ya mfupa wa paja, inashuka kwa mshazari hadi mbele ya mfupa wa muundi. Kazi zake ni mbili: kuzuia muundi usichomoke kwenda mbele, na kuzuia usizunguke kupita kiasi. Kwa kijana, hukatika ikivutwa kwa nguvu ya nyutoni 2,160 hivi, yaani kama kuning'iniza kilo 220. Lakini mguu ukiganda chini huku mwili unageuka kwa kasi, mzigo unaizidi, hata bila kuguswa na mtu.

Ikikatika yote haijiungi vizuri yenyewe. Basi daktari huchukua kano mahali pengine mwilini, hutoboa matundu kwenye mifupa miwili, huipitisha na kuikaza. Wengi hutumia kano ya chini ya pia ya goti, pamoja na vipande vya mfupa kwenye ncha zake, au kano za nyuma ya paja zikikunjwa mara nne. Katika vipimo vya maabara ya kwanza ilibeba karibu nyutoni 2,977, ya pili karibu 4,090. Zote zinaishinda ya asili! Sasa tatizo liko wapi?

Mambo matatu

Kwanza ni kishikizo. Wiki za mwanzo mzigo unabebwa na skrubu au kifungo kilichoishika kano. Mfupa kwa mfupa hushikana katika wiki 6 hadi 8 hivi; kano tupu ndani ya tundu huchelewa zaidi.

Pili ni mahali pa tundu. Funga kamba ya mlango karibu na bawaba, uone kama itazuia mlango usifunguke. Mtindo wa zamani ulitoboa paja kwa kupitia tundu la muundi, na mara nyingi kano ilisimama wima mno: muundi hauendi mbele, lakini bado unazunguka. Siku hizi wengi hutoboa paja kwa njia yake peke yake, ili kano ikae pale pale pa asili. Wengine huongeza mkanda upande wa nje wa goti. Utafiti wa Kanada na Ulaya uliotolewa 2020, kwa vijana wa miaka 14 hadi 25, ulionyesha kwamba waliokatika tena ndani ya miaka miwili walipungua kutoka 11 hadi 4 kwa kila 100.

Tatu, kano iliyohamishwa hufa kwanza, kisha mishipa ya damu huingia na kuihuisha. Miezi ya mwanzo inalegea kuliko siku ilipowekwa. Hapo ndipo pana mtego, jamani: maumivu yameisha, unatembea vizuri, washikaji wanakuita uwanjani, kumbe kamba iko dhaifu. Utafiti wa Norway wa 2016 ulikuta kwamba kila mwezi unaosubiri, hadi mwezi wa 9, hatari ya kuumia tena inapungua karibu nusu.

Uliza kabla ya kusaini

Kano ya pia ya goti huwaachia wengi maumivu wanapopiga magoti. Kwa mwenye kusujudu mara tano kwa siku hilo si dogo, mwambie daktari mapema. Kano za nyuma ya paja nazo zikitolewa hupunguza nguvu ya kukunja goti, na mkimbiaji ataihisi. Kila moja ina gharama yake.

Kwa hiyo uliza: kano ipi, tundu wapi, mazoezi na nani, na kipimo gani cha nguvu kitaniruhusu kucheza? Ukikaribia kusafiri likizo, uliza pia nani atakusimamia nyumbani, maana upasuaji bila mazoezi ni nusu ya kazi.

Neymar aliagana na Al Hilal Januari 2025 akiwa ameichezea mechi 7 tu. Yeye alikuwa na klabu ya kumlipa akiwa kitandani. Mwanafunzi ana mitihani. Mpira upo tu ndugu zangu, usubirini.