Mnyonya damu yuko upande wa nani?

Katika Katanga ya ukoloni, watu walisimuliana habari za batumbula, waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku ili waliwe na Wazungu. Katika masimulizi hayo, mla watu yuko upande wa mwenye nguvu. Riwaya ya The Buffalo Hunter Hunter (2025) ya Stephen Graham Jones, mwandishi wa kabila la Blackfeet nchini Marekani, inageuza mpango huo: mnyonya damu ni mwenyeji aliyedhulumiwa.

Msingi wake ni tukio la kweli. Tarehe 23 Januari 1870, kando ya mto Marias, Montana, askari wa Marekani chini ya Meja Eugene Baker walivamia kambi ya chifu Heavy Runner, iliyokuwa imepigwa na ndui. Chifu alikuwa na karatasi iliyothibitisha kwamba ni mtu wa amani. Waliuawa watu wapatao 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Hakuna aliyehukumiwa.

Katika riwaya, mwaka 1912, Good Stab, Mblackfeet wa tawi la Pikuni, anaingia kanisani kwa mchungaji wa Kilutheri na kuungama: amegeuka mnyonya damu na amekuwa akiwaua wawindaji wa nyati. Mchungaji anaandika yote daftarini. Polepole tunagundua kwamba naye ana deni katika mauaji yale. Basi kisasi si cha meno peke yake. Mwenye hatia analazimishwa kusikiliza na kuandika.

Sisi wanaisimu tutazame pia msamiati. Good Stab hamwiti nyati kwa jina la Kiingereza, bali kwa maneno yenye maana ya "pembe nyeusi". Mzungu anabaki napikwan, bila tafsiri. Hivyo msomaji wa Kiingereza anakuwa mgeni ndani ya lugha yake mwenyewe, na ndiye anayepaswa kujifunza.

Hata hivyo, Jones hafanyi kisasi kiwe rahisi. Mnyonya damu wake hufanana na anachokunywa: akinywa damu ya Wazungu tu, anaanza kuwa kama wao. Ili abaki Mpikuni, sharti anywe damu ya watu wake. Anayewalipizia kisasi ndugu zake ndiye pia anayewamaliza.

Hapo ndipo riwaya hii inapofaa kusomwa sambamba na batumbula. Masimulizi yetu yanauliza nani anatula. Jones anauliza mlipiza kisasi anabaki nani, na swali hilo tunaweza kwenda nalo kwa wazee wetu.