Njia ya Mzunguko Kando ya Ziwa, Msitu wa Karura

Wako watu wengi katika mitaa ya Eastlands, mjini Nairobi, waliozaliwa humo, wakasoma humo na kupata kazi humo, lakini hawajapata kutia mguu katika Msitu wa Karura. Ukiwauliza sababu, aghalabu hupata majibu mawili: ama kwamba msitu ule ni wa matajiri wa Muthaiga na Gigiri, ama kwamba mna wanyang'anyi. Jibu la kwanza si kweli. La pili lilikuwa kweli zamani. Basi yafaa tueleze msitu huo ni mali ya nani, mtu wa Kaloleni au Kayole atafikaje huko, na jinsi ya kuzunguka njia ipitayo kando ya ziwa bila kupotea.

Msitu huu ni wa nani?

Karura ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ukubwa wake ni zaidi ya hektari 1,000. Baadhi ya miti yake ni ya asili, kama vile muhugu, mzeituni wa mwitu na mukinduri. Mingine ni mikaratusi, ambayo ilipandwa ili kuni zake zitumike katika injini za garimoshi.

Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu ziligawiwa watu binafsi wajenge nyumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikataa. Tarehe 8 Januari 1999 walikwenda kupanda miti, wakapigwa na walinzi waliokodishwa, naye Profesa akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao wakaandamana kuutetea msitu. Nyumba zile hazikujengwa. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hata hivyo, kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia kwa sababu ya wahalifu. Tangu mwaka 2009 Shirika la Misitu la Kenya lilishirikiana na chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura na wenyeji wa jirani. Uzio ukawekwa, askari wa msitu wakapiga doria, na njia zikasafishwa. Siku hizi utawaona akina mama na watoto wakitembea humo bila hofu.

Safari kutoka Eastlands

Safari ni ya magari mawili. Panda matatu mpaka katikati ya mji, kisha upande gari la Kiambu, ushuke kwenye lango la Barabara ya Kiambu. Au gari liendalo Ruaka, ushuke kwenye lango la Barabara ya Limuru. Kabla ya kutoka nyumbani, hesabu nauli ya kwenda na ya kurudi kwa kila mtu, kwa kuwa nauli hupanda mvua inyeshapo. Langoni hulipwa ada, nayo hulipwa kwa simu. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, na mtoto kidogo kuliko mtu mzima. Chukua kitambulisho chako.

Huhitaji viatu vya bei kubwa. Raba za Gikomba zatosha, mradi nyayo zake hazijaisha. Chakula nacho ni kile kile cha nyumbani: viazi vitamu, mayai, ndizi. Lakini kifunge katika kitambaa au kikapu, kwa maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 hairuhusiwi kuingia na chupa za plastiki za kutumia mara moja katika misitu ya serikali na mbuga za wanyama.

Namna ya kutembea

Njia ya mzunguko ni ile imrudishayo mtu pale alipoanzia bila kumrejesha katika nyayo zake. Karura ina njia za kilomita zaidi ya 50 kwa jumla, kwa hiyo mtu hachagui kuzimaliza bali huchagua sehemu. Penye njia panda pana vibao vyenye namba. Itazame ramani langoni, uandike namba utakazopitia kwa mpango wake, kisha uzifuate moja baada ya moja. Waambie wenzako mapema: "Tukipotezana, tutakutana penye namba fulani." Neno hili dogo huokoa machozi mengi ya watoto.

Matembezi haya si magumu, wala si mepesi kabisa. Ardhi huteremka kwenye mabonde ya mito na kupanda tena. Mizizi hukatiza njia, na katika majira ya masika na ya vuli udongo mwekundu huteleza. Mwenye afya asiye na mizigo ataweza kwenda kilomita 5 kwa saa moja na nusu. Mwenye watoto au wazee ahesabu saa tatu, apumzike kabla ya kuchoka, wala asianze alasiri.

Ziwa lenyewe huitwa Lily, yaani yungiyungi. Ni ziwa dogo, lakini mtu aliyetoka katika kelele za Barabara ya Jogoo atashangaa kusikia ndege peke yao. Washikeni watoto mikono ukingoni, wala msioge humo. Ukibahatika utaona mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe, ambao waliletwa kutoka Kipipiri kuanzia mwaka 2014 kwa kuwa walikuwa wametoweka Karura. Kima wa kawaida hawahitaji bahati: watakuja wenyewe, na kama chakula kiko wazi watakichukua. Usiwalishe, kwani kima aliyezoea mkono wa mtu huwa mwizi, na mwishowe hudhuru watoto.

Maji yasiyotunzwa

Nairobi iliwahi kuwa na maji mengine ya kupendeza. Bwawa la Nairobi, karibu na Kibera, lilijengwa mwaka 1953, na watu waliendesha mashua humo. Baadaye taka na maji machafu ya mji yaliingia, magugu yakaufunika uso wake, na mashua zikakoma. Hilo lilitendeka polepole, mbele ya macho ya watu.

Karura yaweza kupatwa na mambo kama hayo iwapo watu wa mji wataiona kuwa ya wengine. Mwenye kupajua mahali ndiye hutambua mapema kwamba pamepungua. Kwa hiyo, mtu wa Eastlands apatapo nauli na siku ya mapumziko, awachukue watoto wake wakaone. Taka zake arudi nazo nyumbani.