Maji ya Newala ni Amana

Ndugu zetu Waislamu, asimamaye Newala, penye ukingo uitwao Shimo la Mungu, huliona bonde la Ruvuma limetandaa chini yake mpaka Msumbiji. Mgeni husifu mandhari akaenda zake. Walakini mama zetu wa Newala waliujua ukingo ule kwa jambo jingine: chini huko ndiko zilikokuwa chemchemi, na maji yalipandishwa kwa kichwa. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alistaajabu kuwaona watu wamejenga juu kusiko na maji.

Wala si kwamba mvua ni haba. Uwanda wa Makonde hupata kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi baina ya Desemba na Aprili. Lakini udongo wake ni wa kichanga, nao hunywa maji upesi. Hapana mto upitao juu yake. Maji huzama, hushuka polepole, kisha hutokeza mabondeni na miguuni mwa uwanda. Basi aliye juu na chemchemi iliyo chini ni majirani, ijapokuwa hawaonani. Tufyekapo vichaka vya ukingoni ili tuongeze mikorosho au viwanja vya nyumba, mvua hukimbia juu ya ardhi badala ya kuzama, na makorongo huchimbika.

Katika miaka ya 1950 ndipo maji yalipoanza kusukumwa kwa mashine kupanda uwandani. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa Finland walisaidia mikoa ya Mtwara na Lindi kwa visima vifupi vya pampu za mkono. Hivyo vyafaa mabondeni, si Newala, ambako maji yako mbali mno chini. Masasi, iliyo bondeni katikati ya majabali yake, hunywa maji ya Mbwinji pamoja na Nachingwea. Na mwezi wa Juni 2022 ilitiwa saini mikataba ya maji ya miji 28 kwa mkopo wa India, na Makonde imo.

Twashukuru kwa hayo. Lakini mkopo hulipwa, mashine hula umeme, na miji yakua kila mwaka. Kila ndoo ifikayo Newala imepandishwa mlima kwa gharama. Hapa ndipo tunapoona haya kidogo, maana mahali ambapo maji humwagika bure mara nyingi ni penye bomba la kutawadhia. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kama kibaba chetu, na akioga kwa pishi. Mwenzetu hulifungua bomba, akaanza kusalimiana na marafiki, na kibaba kimekwisha kabla hajasukutua. Kisha twailaumu serikali.

Tunasema pia juu ya wakfu. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma huko Madina akakitoa kwa Waislamu. Sisi twapenda kutoa mazulia na vipaza sauti, na ni vyema. Lakini ni nani atoaye wakfu wa kutengeneza pampu ya kijiji ikiharibika?

Na liko jambo lisilohitaji mkopo wa mtu. Paa la bati la msikiti lenye mita 10 kwa 10 hupokea, kwa mvua ya milimita 1,000, lita 100,000 kwa mwaka. Hata tukipoteza robo, zabaki lita 75,000, yaani ndoo 3,750 za lita 20. Wazee wengi wa Newala wanayo mabirika ya saruji nyumbani mwao kwa kazi hii. Ajabu ni kwamba misikiti mingine hujengwa bila hata mfereji wa bati pembeni mwa paa.

Wanaotaka kujenga birika na walichimbe kiangazi, ili lipo ya saruji ikauke vizuri kabla ya Desemba. Liwe na mfuniko, lisizae mbu, na watoto wasitumbukie. Mvua za kwanza ziachwe zipite nje, kwa sababu salfa ipulizwayo mikorosho hutua juu ya mapaa pamoja na vumbi. Bati likisha kuoshwa, ndipo mfereji uelekezwe birikani.