Ubao Mweupe Hautaki Stilwaya

Kenyatta Market, Nairobi, siku ya Jumamosi, mgeni hupokewa kwanza na moshi wa nyama choma, halafu na wasusi wanaomwita akae kitini hata kama nywele zake zimesukwa jana. Moshi huo haukomei sokoni. Kwenye nyumba za jirani, dirisha likiwa wazi, huingia na vichembe vya mafuta ambavyo hutua kwenye pazia, kwenye televisheni, na kwenye ubao mweupe uliotundikwa juu ya meza ya kazi.

Mbao hizo si ajabu tena majumbani. Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipozihimiza ofisi ziwaruhusu wafanyakazi wafanyie kazi nyumbani kwa sababu ya korona, kona nyingi za sebule ziligeuka ofisi, na baadhi yake hazijarudi kuwa sebule. Mhasibu wa mtaa wa Golf Course au mwalimu wa Ngumo huandika ratiba ya wiki ubaoni, kisha siku ya kufuta anakuta Jumatatu ya mwezi uliopita bado inasomeka.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba huo ni uchafu wa kusuguliwa. Wino wa maka ya ubao una vitu vinne: chembe za rangi, spiriti inayozibeba, gundi kidogo, na kilainishi chenye mafuta. Spiriti hukauka kwa sekunde chache. Kilainishi ndicho kinachoizuia rangi isishike ubao, na ndiyo sababu dasta huifuta bila taabu. Maandishi yakikaa wiki kadhaa, hasa mahali penye jua, kinga hiyo hupungua na rangi hunata.

Hapo ndipo mtu anapokwenda jikoni kuchukua stilwaya au sabuni ya unga. Doa litatoka, lakini ubao utakuwa umechubuka. Mbao nyingi za bei nafuu zimefunikwa kwa melamini, tabaka jembamba linalokwaruzika upesi, na kila mkwaruzo ni mfereji mpya wa kuingiza wino. Kioo na chuma kilichopakwa enameli havina shida hiyo. Muuzaji akionyesha kwamba ubao wake unashika sumaku, asiaminiwe haraka: chuma kilichopakwa rangi ya kawaida nacho hushika sumaku, na rangi hiyo huchubuka.

Dawa nzuri ya doa kongwe ni wino mpya. Lipitiwe lote juu kwa maka ile ile ya ubao, lisubiriwe kidogo, lifutwe kwa kitambaa laini kabla halijazeeka tena. Spiriti mbichi iliyomo huyeyusha rangi ya zamani, na kilainishi huiinua. Njia hiyo huondoa hata maandishi ya maka ya kudumu aliyoyachora mtoto.

Kikibaki kivuli, spiriti ya duka la dawa itakimaliza. Isopropili ya asilimia 70 inatosha kabisa. Chupa isomwe kwanza. Spiriti ya kusafishia ngozi mara nyingine hutiwa mafuta ya mbarika, mazuri kwa ngozi lakini huacha ubao ukiteleza, na maka inayofuata ikaandika kwa kurukaruka. Baada ya spiriti, ubao upanguswe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha ukaushwe. Kwa nyumba inayopata moshi wa soko au mvuke wa chapati, sabuni hiyo ndiyo ianze, kwa sababu dasta kavu huyasambaza mafuta tu.

Jik iachwe kwenye nguo. Ikikutana na spiriti hutoa klorofomu, na chumba kidogo chenye dirisha moja si mahali pa kujaribia.

Dasta yenyewe husahaulika. Ikishajaa vumbi jeusi, kazi yake inakuwa kupaka badala ya kufuta. Ioshwe, ianikwe mpaka ikauke. Maka nazo zilazwe. Zikisimamishwa ncha juu, rangi huzama chini na mwandiko hufifia zikiwa bado na wino.

Melamini iliyokwisha kuchubuka hairudi upya kwa dawa yoyote. Mwenye ubao wa namna hiyo aache kununua spiriti, aende kwa fundi wa vioo amwagizie kioo kigumu cha usalama, kilichopakwa rangi nyeupe upande wa nyuma.