Kaunta kati ya jiko na sebule: Ipangwe kabla ya sakafu kumwagwa

ANAYEJENGA nyumba mpya katika eneo la Matiliku, Kaunti ya Makueni, na kutaka jiko liungane na sebule bila ukuta, hana budi kujiuliza kwanza: muthokoi utapikiwa wapi?

Swali hilo lina uzito. Mahindi yaliyokobolewa, pamoja na maharagwe au mbaazi, hukaa motoni kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu familia nyingi zenye mtungi wa gesi bado huyachemsha kwa kuni au makaa. Jiko la kuni likijengwa uani, mbali na chumba cha kulala, moshi hubaki huko. Ukuta ukiondolewa, moshi huo utahamia sebuleni.

Madhara yake yanajulikana. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana na nishati kama vile kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Makaa nayo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua.

Kwa hivyo, ramani iwe na meko mawili: ya gesi ndani, na ya kuni nje chini ya paa lake, karibu na mlango wa nyuma.

Hilo likishaamuliwa, kaunta inaweza kuchukua nafasi ya ukuta. Inayofaa nyumba ya wastani ni ile iliyoshikamana na ukuta upande mmoja na kuwa wazi pande tatu, mithili ya rasi iliyoingia baharini. Kaunta ya kisiwa, inayosimama peke yake katikati, huhitaji njia pande zote na hivyo kula nafasi kubwa zaidi.

Vipimo

Kimo cha kaunta kiwe sentimita 90 na upana wake sentimita 60. Upande wa sebule, bamba la juu lichomoze sentimita 30 zaidi ili magoti ya walioketi yapate nafasi. Kila mtu atengewe sentimita 60, na viti viwe na kimo cha takriban sentimita 65.

Kabati za ukutani zikiwa na kina cha sentimita 60, na njia ya mpishi sentimita 120, jiko pamoja na kaunta litachukua mita 2.7. Nyuma ya kaunta huhitajika mita moja nyingine ya viti na wapitao. Mwenye chumba kisichoweza kutoa mita 3.7 kabla ya makochi kuanza ni heri aache viti.

Maji na moto

Meko ya gesi yasiwekwe juu ya kaunta hiyo, kwani mafuta moto huweza kuwarukia watoto walioketi ng'ambo. Kaunta itumike kukatia mboga na kupakulia chakula. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi ukae nje, wima, penye hewa ya kutosha.

Sinki lifae ukuta wa nje ulio karibu na tangi la maji ya mvua. Likiwekwa kwenye kaunta, mabomba hayana budi kupita chini ya sakafu, nayo yalazwe kabla ya zege kumwagwa. Madirisha mawili yanayokabiliana yatapitisha hewa, ila lisiwepo kubwa upande wa magharibi, linakopiga jua kali la alasiri.

Kabla ya fundi kuanza kazi, mpango wote uchorwe kwa chokaa kwenye kiwanja, na anayepika nyumbani humo autembelee akiwa na sufuria mikononi. Mstari wa chokaa hufutika kwa mguu. Sakafu ya zege huvunjwa kwa nyundo na pesa.