Makaa ya mawe 'safi': Moshi haupo, lakini umeenda wapi?

Stima ilipotea nikiwa nimenyolewa nusu kichwa. Kinyozi alikuwa amemaliza upande wa kushoto, mashine ikanyamaza, tukabaki tukitazamana kwa kioo. Ilikuwa Jumamosi jioni huku Kayole, na kwenye benchi kulikuwa na watu watano wakingoja zamu yao. Kwa hali kama hiyo huna pa kwenda. Unakaa tu, na stori zinaanza.

"Haya yote ni kwa sababu walikataa ile ya Lamu," mzee mmoja akasema. "Saa hii tungekuwa na stima ya kumwaga."

"Lakini mzee, ile si ilikuwa ya makaa ya mawe?" kijana wa bodaboda akamuuliza. "Si watu wa huko wangemalizwa na moshi?"

"Wewe bado mtoto. Siku hizi kuna teknolojia. Makaa ya mawe safi. Moshi hata huuoni."

Wote wakanigeukia. Hapa mtaani watu wanajua nilisomea uhandisi wa umeme hadi mwaka wa pili, karo ikakataa, nikaacha. Tangu hapo, swali lolote la stima, kuanzia soketi iliyoungua hadi siasa za Lamu, huletwa kwangu. Nikafungua mdomo, nikapata sina jibu. Niliona mzee anasema kitu ambacho ni kweli nusu, ila sikujua ni nusu gani.

Nimekaa wiki mbili nikisoma ili nirudi kwa kinyozi na kitu cha maana. Haya ndiyo niliyopata.

Jiko linafundisha

Kwanza tuelewane. Makaa tunayopikia nyumbani ni miti iliyochomwa. Makaa ya mawe ni mabaki ya mimea iliyofukiwa ardhini kwa mamilioni ya miaka hadi ikawa mwamba mweusi unaowaka. Yanachimbwa, yanasagwa kuwa unga, unga unachomwa, joto linachemsha maji, na mvuke unazungusha mitambo ya stima. Hakuna uchawi hapo.

Lakini jiko la nyumbani linaweza kutusaidia kuelewa. Nikiwa darasa la sita, baridi ya Julai ilitupata vibaya. Mama akangoja jiko liwake vizuri, makaa yakawa mekundu bila moshi wowote, akaliingiza ndani na kufunga dirisha. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye alitutoa nje tukitapika. Hadi leo mama husema, "Na moshi haukuwepo!" Ni kweli haukuwepo. Kilichotaka kutuua hakina rangi wala harufu.

Gesi iliyotulewesha siku hiyo ni monoksidi ya kaboni. Inayotoka kwa wingi kwenye mitambo ya makaa ya mawe na kuongeza joto duniani ni nyingine, kabonidioksidi. Lakini somo ni lile lile: usipoona moshi, usidhani hewa ni safi.

Teknolojia inafanya nini hasa?

Tumpe mzee haki yake. Teknolojia ipo na inafanya kazi. Unaweza kuigawa kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kuchoma vizuri zaidi. Mitambo ya zamani hugeuza takriban thuluthi moja tu ya joto la makaa ya mawe kuwa stima. Mingine yote inapotea. Mitambo mipya hupasha mvuke joto na presha kubwa mno, kiasi kwamba hakuna tena tofauti kati ya maji na mvuke, na inaweza kufikisha karibu asilimia 45. Ni kama kutoka kwa jiko la bati tupu hadi lile lenye udongo ndani. Chakula ni kile kile ila makaa yanapungua.

Fungu la pili ni kusafisha moshi kabla haujatoka. Vumbi la majivu hunaswa kwa umeme au kwa mifuko mikubwa ya kitambaa, na zaidi ya asilimia 99 inaweza kubaki ndani. Gesi ya salfa, ile inayowasha mapafu na kuleta mvua ya asidi, hupitishwa kwenye maji yaliyochanganywa na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Huko inageuka kuwa jasi, ile ile inayotumika kutengenezea mbao za siling'i. Gesi za nitrojeni nazo hupigwa kwa amonia.

Hii si ahadi ya wauzaji tu. Uchina ililazimisha mitambo yake kufunga vifaa hivi kuanzia mwaka wa 2014, na uchafu wa salfa, nitrojeni na vumbi kutoka kwenye mitambo hiyo ukashuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Kuna watu wanaopumua vizuri leo kwa sababu ya filta. Tusikatae ukweli kwa sababu tu hatupendi makaa ya mawe.

Fungu la tatu ndilo gumu: kunasa kabonidioksidi yenyewe na kuizika ardhini.

Hesabu haidanganyi

Hapa ndipo nusu ya pili ya maneno ya mzee inaanza kuyumba. Filta inanasa uchafu uliokuwa ndani ya makaa ya mawe. Lakini kaboni si uchafu ulioingia kwa bahati mbaya. Kaboni ndiyo makaa yenyewe, ndicho kitu kinachowaka. Kila kilo 1 ya kaboni ikiungua kabisa hujiunga na oksijeni ya hewani na kutoa karibu kilo 3.7 za kabonidioksidi. Yaani gesi ni nzito kuliko makaa uliyoyachoma. Utaifungia wapi?

Canada walijaribu. Mwaka wa 2014, mtambo wa Boundary Dam katika jimbo la Saskatchewan uliwekewa mashine za kunasa gesi hiyo. Mradi uligharimu takriban dola bilioni 1.5 za Canada, kwa kitengo kimoja tu cha mtambo. Lengo lilikuwa tani milioni 1 kwa mwaka. Kufikisha tani milioni 5 kulichukua zaidi ya miaka 8. Mashine hizo zenyewe hula sehemu kubwa ya stima inayozalishwa. Na gesi nyingi iliyonaswa iliuzwa kwa wachimbaji wa mafuta, ambao huisukuma ardhini ili mafuta zaidi yatoke. Mafuta hayo nayo yanaenda kuchomwa. Maze, hapo nilicheka peke yangu usiku.

Kule Mississippi, Marekani, mradi wa Kemper ulikuwa utumie makaa ya mawe kwa njia ya kisasa kabisa. Gharama ikapanda hadi karibu dola bilioni 7.5. Mwaka wa 2017 wenyewe wakaachana na makaa ya mawe, wakaamua kuchoma gesi asilia.

Majivu nayo

Kuna kitu kingine ambacho sikuwahi kufikiria. Vumbi likinaswa na filta, haliyeyuki. Linakuwa mlima wa majivu. Makaa ya mawe mengine huacha asilimia 5 ya uzito wake, mengine huacha zaidi ya 30. Ndani ya majivu hayo kuna risasi, zebaki na aseniki. Kadiri filta inavyofanya kazi vizuri, ndivyo majivu yanavyoongezeka chini.

Desemba 2008, katika mji wa Kingston, jimbo la Tennessee, Marekani, ukuta wa bwawa la majivu ulipasuka. Zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope zikamwagika kwenye mto na mashamba ya watu. Hewani hakukuwa na moshi wa kutisha. Uchafu ulikuwa umehamishwa tu kutoka juu ukawekwa chini.

Filta inapozimwa

Lakini stori iliyonishika zaidi ni ya hapa Afrika. Kusile ni mtambo mkubwa wa makaa ya mawe nchini Afrika Kusini, mkoani Mpumalanga, karibu na mji wa eMalahleni. Jina hilo maana yake ni mahali pa makaa ya mawe. Kusile ndio ulikuwa mtambo wa kwanza wa aina hiyo nchini humo kuwekewa mashine za kuosha salfa. Ukitafuta makaa ya mawe safi barani, unaonyeshwa Kusile.

Oktoba 2022, bomba la kupitisha moshi uliooshwa liliporomoka baada ya uchafu wa ule uji wa chokaa kurundikana ndani. Vitengo vitatu vikasimama. Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa gizani, stima ikikatwa kwa zamu saa nyingi kila siku. Serikali ikabaki na chaguo mbili mbaya: watu wakae gizani hadi bomba lijengwe upya, au mtambo uwashwe bila kuosha salfa. Mwaka wa 2023 waliruhusu ya pili. Mabomba ya muda yakajengwa, moshi ukatoka bila kuoshwa kwa kipindi fulani, na waliokuwa karibu ndio walioupumua.

Sisemi walikuwa wabaya. Ningekuwa mimi, nusu kichwa nikingoja stima, pengine ningepiga kura ya kuwasha. Na hapo ndipo tatizo lilipo. Filta si sehemu ya moto. Mtambo unaweza kuzalisha stima bila filta, tena kwa bei nafuu zaidi. Kwa hivyo siku mambo yakiwa magumu, filta ndiyo ya kwanza kuachwa, na si wewe wala mimi tutakaoulizwa.

Turudi Lamu

Mradi wa Lamu ulikuwa ujengwe Kwasasi na kampuni ya Amu Power. Ungetoa megawati 1,050. Bomba lake la moshi lingekuwa na urefu wa mita 210, mara mbili ya jumba la KICC. Makaa ya mawe yangetoka Afrika Kusini kwanza, kisha baadaye yachimbwe bonde la Mui, Kitui. Mwaka wa 2018 kampuni ya Marekani ya GE ilitangaza kwamba ingeleta mitambo ya kisasa na vifaa vya kusafisha moshi. Kwa hivyo mzee hakuota. Neno 'safi' lilikuwepo.

Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa leseni mwaka wa 2016. Wakazi, wakiwemo wa kundi la Save Lamu, wakaenda kwa jopo la kitaifa la mazingira. Juni 26, 2019, jopo likafuta leseni hiyo. Sababu kubwa haikuwa kwamba filta ni mbovu. Ni kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyostahili. Mikutano ilifanywa kabla ya watu kupewa utafiti wenyewe wausome. Mvuvi aliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hakuonyeshwa. Novemba 2020, benki ya Uchina ya ICBC ikajiondoa kwenye ufadhili. Na Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Malindi ikatupa rufaa ya kampuni hiyo.

Je, tungekuwa na stima ya kumwaga? Ndiyo, na pengine ya kupita kiasi. Mwaka wa 2019 matumizi ya juu kabisa ya nchi nzima hayakufika megawati 2,000. Mtambo mmoja ungekuwa zaidi ya nusu ya hiyo. Na mkataba ulikuwa wa kulipia mtambo hata usipotumika, kama kukodi matatu mwezi mzima, unalipa hata ikilala kwa steji. Watafiti wa IEEFA walikadiria mwaka huo kwamba Wakenya wangelipa zaidi ya dola bilioni 9 kwa miaka 25, hata bila kupata yuniti moja. Pesa hizo zingetoka kwa tokeni zetu.

Na tayari karibu asilimia 90 ya stima yetu inatoka kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria, maji, upepo wa Turkana na jua. Nayo Uingereza, iliyoanza kuzalisha stima kwa makaa ya mawe mwaka wa 1882, ilizima mtambo wake wa mwisho Septemba 30, 2024.

Najua kuna vijana Lamu na Kitui waliotaka zile kazi, na siwezi kuwacheka. Mtu aliyeacha chuo kwa sababu ya karo hawezi kumwambia mwenzake akatae kazi kwa ajili ya hewa. Lakini nakubaliana na jopo kwa jambo moja: usiulizwe maoni kabla ya kuonyeshwa karatasi.

Nilirudi kwa kinyozi Jumamosi iliyofuata. Mzee alikuwepo. Nikamwambia, "Mzee, ulikuwa sawa, moshi wanaweza kuuondoa. Lakini ukiambiwa ni safi, uliza mambo matatu. Kaboni imeenda wapi? Majivu yatakaa wapi? Na siku filta ikiharibika, nani ataamua mtambo uzimwe?"

Akanyamaza kidogo. "Hilo la tatu," akasema, "hapa Kenya unajua jibu lake."

Kijana wa bodaboda akacheka. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri, na safari hii nilinyolewa kichwa kizima.